Banki ilifunga, krediti inaendelea: nyumba ya Goma iko ya nani?

Tangu M23 iingie Goma mwisho wa Januari 2025 na mabanki kufunga, kuko swali inazunguka kutoka Himbi mpaka Ndosho: mwenye alikamata krediti akaweka nyumba yake garanti, na salari yake ilikuwa inapitia ku banki hiyo hiyo, banki inaweza kumunyanganya nyumba juu ya miezi yenye hakulipa?

Wenye kutetea banki wako na neno. Ile feza haikuwa ya direkta, ni ya mama mwenye kuuza Birere na ya mwalimu mwenye aliweka akiba, nao walifungiwa mlango, wengine wakawa wanavuka Gisenyi, kule Rwanda, kutafuta namna ya kutoa feza yao. Banki ikisamehe kila mtu, hao watalipwa na nini? Tena kuko wenye walikuwa wameisha kuchelewa mbele ya vita, leo kila kitu wanabebesha vita.

Hapo nakubali, deni ya feza haikufi juu ya vita. Yenye nakataa ni penalite ya miezi yenye gishe ya banki yenyewe ilikuwa imefungwa. Kode sivili yetu, kitabu cha 3, artikle 46, inasema mtu akizuiliwa na fosi mazere, ni kusema jambo lenye kumushinda nguvu kama vita, hadaiwi fidia. Kwa hiyo kapitali, ile feza yenyewe yenye ulikopa, inabaki, penalite ianguke. Riba ya kawaida ndiyo ngumu, juu hiyo siyo azabu, ni bei ya feza yenye ulitumia, na mimi naona banki isogeze mwisho wa mkataba bila kuweka riba juu ya riba. Lakini ujue avoka wa banki atauliza kama ungeweza kulipa kwa simu, na kama njia hiyo ilikuwako na ulijulishwa, hoja yako inalegea sana.

Watu wanaogopa eti banki itaamka asubuhi ibadilishe kufuli. Hapana. Congo iko mu OHADA, muungano wa inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na ku sheria zake banki haiwezi kuandika mu mkataba kwamba nyumba ya kukaa inakuwa yake ukishindwa kulipa: wisiye, afisa mwenye kupeleka na kutimiza karatasi za tribinali, akuletee kwanza amri ya kulipa, kisha ifike mnada. Na sheria ya OHADA juu ya kulipisha madeni, ile ya 1998 yenye ilibadilishwa 2023, artikle 39, inamupa juji ruhusa ya kukupangia malipo mpaka mwaka mmoja. Lakini juji hawezi kukupa kitu hukuomba, na mwenye anakimbia simu za banki anaichoma hiyo nafasi yeye mwenyewe.

Andika barua, bakia na kopi yenye muhuri wa kupokea, omba hesabu yenye kutenganisha kapitali, riba na penalite. Usiende kwa lamberi, mukopeshaji wa mtaani mwenye riba kali, kuziba deni ya banki, nakuomba sana, juu wengine wanakusainisha karatasi ya kuuza parsele hata mbele ya kukupa feza, na hapo hakuna wisiye wala mnada wa kukuchelewesha.

Kuuza mwenyewe mbele ya mnada? Kama salari haitarudi, ndiyo, lakini banki ikubali kwanza kwa maandishi, juu ipoteki, ile garanti ya banki juu ya nyumba, inafuata nyumba hata ikiuzwa. Kama kazi iko inarudi, omba miezi kwanza: kuuza Goma wakati dola za mukononi ni za shida ni kumuachia mnunuzi nusu ya jasho yako.