Hakuna Garasa wa Miaka 18

Kila mwaka, fainali kuu ikishachezwa katika uwanja wa MCG na klabu 17 kati ya 18 zikiwa zimerudi nyumbani bila kombe, mashabiki wa kandanda ya Australia tunahamia kwenye mabishano mengine ambayo hapa Melbourne hayapungui joto hata kidogo: klabu yetu imchukue chipukizi yupi katika uteuzi wa Novemba? Wenyeji huuita uteuzi huo drafti, na msomaji asiuchanganye na mchezo wa kete unaochezwa vibarazani. Nimeishi Footscray kwa miaka mingi, mtaa wenye Wasudani Kusini, Waethiopia na Wasomali wengi, na mtaa ambao klabu yake, Western Bulldogs, ndiyo klabu yangu. Mabishano ya drafti nayapenda kwa moyo wote. Hata hivyo, naamini kwamba tumeyaelekeza pasipostahili, na kwamba wanaoumia kwa kosa letu ni watoto wa watu.

Kwa msomaji aliyezoea soka, ambako klabu yenye fedha humsajili inayemtaka, inafaa nieleze utaratibu wenyewe. Uteuzi huu ulianza mwaka 1986, katika miaka ileile ambayo ligi ilikuwa ikiweka ukomo wa mishahara, kwa nia ya kuzuia klabu tajiri zisijirundikie wachezaji wote bora. Klabu iliyoshika mkia huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, na kijana mwenyewe hana kauli juu ya mahali atakapopelekwa. Aliyekulia Adelaide anaweza kuitwa Melbourne, na aliyekulia Perth anaweza kujikuta Brisbane. Ipo milango michache ya pembeni, kama ule wa mtoto ambaye baba yake aliichezea klabu fulani mechi 100 au zaidi, ambaye klabu hiyo ina haki ya kumchukua mradi ilipe thamani yake kwa alama za uteuzi, maana kila nafasi ya kuchagua ina alama zake. Kwa njia hiyo Collingwood ilimpata Nick Daicos mwaka 2021, na sisi tukampata Sam Darcy, ambaye baba yake na babu yake wote walivaa jezi yetu.

Wengi wa wanaobishaniwa wana miaka 17 au 18. Katika jimbo la Victoria, mitihani ya mwisho ya sekondari huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi Novemba, kwa hiyo wakati kijana ameinamia karatasi ya hisabati, watu wazima asiowajua wanabishana juu ya goti lake, urefu wa mikono yake na sekunde alizotumia kukimbia mita 20. Vipimo hivyo hufanywa Oktoba: mbio fupi, mbio za kilomita 2, kuruka juu, kugeuka kwa kasi. Vina faida yake, nami sisemi vifutwe, ila nimeona jinsi tarakimu moja inavyoweza kupandisha au kushusha jina la kijana kwa wiki nzima, kana kwamba mpira wa umbo la yai unaodunda kila upande huchezwa kwa saa ya kupimia.

Ili hoja yangu isielee hewani, naomba nikae na mwaka mmoja tu, 2013, kwa sababu yote ninayotaka kuyasema yamo ndani yake.

Mwaka huo nafasi ya kwanza na ya pili zilikuwa za Greater Western Sydney, klabu changa iliyokuwa imefungwa karibu kila wiki. Hakukuwa na ubishi mkubwa juu ya nafasi ya kwanza. Tom Boyd alikuwa mshambuliaji wa sentimita 200 kutoka upande wa mashariki wa Melbourne, na washambuliaji warefu wanaoweza kudaka mpira juu ya vichwa vya mabeki ni adimu kiasi kwamba klabu huwasaka kama lulu. Sisi Bulldogs tulikuwa na nafasi ya 4, na tukamchukua Marcus Bontempelli. Nakumbuka vizuri malalamiko ya wenzangu usiku ule, na nakiri kwamba baadhi yalitoka kinywani mwangu: tulitaka mchezaji aliyekwisha kukomaa, wa kuingia kikosini mwezi Machi na kutupunguzia aibu. Tukaletewa kijana mrefu, mwembamba, ambaye jina lake lilikuwa limepanda katika miezi ya mwisho tu. Leo Bontempelli ni nahodha wetu, na sijui shabiki wa klabu yoyote ambaye asingemtaka.

Nafasi ya 13 Carlton walimchukua Patrick Cripps, mtoto wa shambani kutoka Northampton, Australia Magharibi, ambaye hakuwahi kusifiwa kwa mbio. Ameshinda medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, mara mbili, 2022 na 2024, na mara ya pili alipata kura 45, ambazo hazijawahi kufikiwa na mtu mwingine. Nafasi ya 26 Essendon walimchukua Zach Merrett, ambaye baadaye alikuwa nahodha wao. Kisha, nafasi ya 44, Sydney Swans wakamchukua kijana aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kwa wazazi waliokimbia vita vya Sudan: Aliir Aliir.

Hapo ndipo pa kutazamwa kwa makini. Cripps na Aliir wote walitokea klabu moja, East Fremantle, katika mwaka mmoja, na uteuzi ukawatenganisha kwa nafasi 31. Cripps aliijua kandanda hii tangu utotoni. Aliir aliikuta akiwa mkubwa kiasi, baada ya familia yake kuhamia Australia, na hata jina la mahali pa kumchezesha lilikuwa bado halijapatikana. Sydney hawakumharakisha. Misimu ya 2014 na 2015 ilipita bila yeye kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Mechi yake ya kwanza ilikuja mwaka 2016, akiwa beki, na mwaka huohuo akafika na Sydney hadi kwenye mechi za mtoano. Mwishoni mwa 2020 alihamia Port Adelaide, na 2021 akatajwa katika kikosi bora cha Australia nzima. Kama mashabiki wa Sydney wangepiga kura mwezi Agosti 2015 juu ya nani aachwe, sioni kitu ambacho kingemwokoa.

Sasa turudi kwa Boyd, aliyekuwa wa kwanza. Alicheza mechi 9 kwa klabu iliyomchagua, kisha Oktoba 2014 Bulldogs tukamleta kwa kumtoa aliyekuwa nahodha wetu, Ryan Griffen, pamoja na nafasi ya 6 ya uteuzi, na tukampa mkataba wa miaka 7. Alikuwa na miaka 19. Tangu siku hiyo hakuwahi tena kuwa kijana anayejifunza kazi. Alikuwa namba 1 na alikuwa fedha. Kila mpira uliomponyoka ulihesabiwa kwa dola. Niliyasikia maneno hayo jukwaani, yakisemwa na watu waliovaa skafu za rangi zangu, na yalinichoma kwa sababu aliyekuwa akitupiwa hakuwa amekiandika kile kiwango cha fedha, wala hakuwa ameiomba ile namba.

Tarehe 1 Oktoba 2016, mbele ya watu 99,981, Bulldogs tulicheza fainali kuu na Sydney. Tulikuwa tumemaliza msimu katika nafasi ya 7, na ubingwa wetu wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1954. Boyd alifunga magoli matatu. La tatu lilikuja robo ya mwisho, mchezo ukiwa bado unaning'inia: aliuokota mpira mbali na milingoti, akaupiga mrefu, ukadunda na kudunda hadi ukavuka mstari, na wazee waliokuwa wamesubiri miaka 62 wakaanza kulia kabla kipenga hakijalia. Tulishinda kwa pointi 89 kwa 67, goli moja likiwa pointi 6. Medali ya Norm Smith, ya mchezaji bora wa fainali, ilikwenda kwa Jason Johannisen, mzaliwa wa Johannesburg aliyeingia klabuni kupitia uteuzi wa akiba, ule wa wanaobaki baada ya orodha kuu kwisha.

Mwaka uliofuata Boyd alijiweka kando kwa muda na kueleza hadharani kwamba alikuwa akiugua sonona. Mei 2019 aliacha kucheza, akiwa na miaka 23, mkataba wake ukiwa haujaisha. Niliposikia, sikufikiria pointi wala nafasi za uteuzi. Nilifikiria zile sauti za jukwaani.

Katika viwanja vya Tanzania mchezaji aliyesajiliwa kwa matumaini makubwa akashindwa kufua dafu huitwa garasa, neno lililotoka kwenye karata: karata isiyo na thamani, ambayo mtu huitupa mezani bila kujuta. Hapa Australia nao wana maneno yao ya namna hiyo, makali vilevile, na huyatumia kwa vijana ambao hawakusajiliwa bali waliitwa majina yao usiku mmoja na kesho yake wakapakia mabegi. Mkongwe aliyejadiliana bei yake na kutia saini kwa hiari anaweza kudaiwa. Mtoto wa miaka 18 aliyepangiwa mji, kocha na namba, na watu waliomtazama kwa mwaka mmoja au miwili tu, anadaiwa nini hasa zaidi ya juhudi?

Mfano unaoniuma kuliko yote ni wa mwaka 2004. Richmond walimchagua Richard Tambling nafasi ya 4, na Hawthorn, waliofuata papo hapo, wakamchagua Lance Franklin. Franklin alimaliza na magoli 1,066, na usiku alipotimiza la 1,000, Machi 2022, maelfu ya watu waliingia uwanjani kumzunguka. Tambling, kijana wa Kiaborijini kutoka eneo la Kaskazini, alicheza zaidi ya mechi 100 katika ligi ngumu, jambo ambalo wengi wa wanaoteuliwa hawalifikii, lakini kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kila Franklin alipofunga, na lilitajwa kwa dhihaka. Aliyekosea, kama kuna aliyekosea, ni aliyesimama na kulitaja jina. Tena sikubali hata kwamba tunajua kosa lilikuwa uteuzi. Franklin alikwenda kwenye klabu iliyokuwa imemwajiri kocha mpya, Alastair Clarkson, na iliyokuwa ikijengwa upya kwa subira, huku Jarryd Roughead, aliyeteuliwa wa 2 mwaka huohuo, akikua kando yake. Anayesema kwamba Franklin angekuwa yuleyule popote anasema jambo lisiloweza kuthibitishwa.

Jack Watts ni ushahidi wa upande wa pili. Melbourne walimteua wa kwanza mwaka 2008, na Juni 2009, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, wakamwingiza kwa mara ya kwanza katika mechi ya sikukuu ya Malkia dhidi ya Collingwood, mojawapo ya mechi zenye watu wengi mno katika kalenda nzima. Collingwood walimwangusha na kumsukuma kadiri walivyotaka. Katika miaka yake pale alipita mikononi mwa makocha wakuu wanne, bila kuhesabu wa muda. Hadi leo watu wakimzungumzia huanza na Nic Naitanui, aliyeteuliwa wa 2 na akaja kuwa nyota. Mimi ningeanza na swali la nani aliamua kwamba mwanafunzi aanzie siku ile.

Kwa hiyo, wenzangu wanaponiuliza kama tuchukue chipukizi bora aliyebaki au tuzibe pengo la kikosi, jibu langu ni bora aliyebaki, hasa katika nafasi 10 za mwanzo. Kijana huhitaji miaka mitatu hadi mitano kabla hajawa mtu mzima uwanjani, na mrefu huhitaji zaidi. Pengo la leo litakuwa limezibwa au limehama kufikia wakati huo. Anayetaka beki wa kucheza Machi amtafute katika dirisha la kubadilishana wachezaji, mwezi Oktoba, ambako watu wazima huhama kwa ridhaa yao.

Baada ya jibu hilo, ningependa mabishano yetu yahamie kwenye mambo ambayo wanachama tuna haki ya kuyauliza na klabu ina wajibu wa kuyajibu. Kijana anayetoka mbali atakaa na familia gani? Nani atamsaidia kama mama yake yuko mwendo wa saa nne kwa ndege kutoka hapa? Jason Horne-Francis wa Australia Kusini aliteuliwa wa kwanza na North Melbourne mwaka 2021 na baada ya msimu mmoja akarudi kwao, Port Adelaide. Alizomewa sana kwa hilo, lakini sikusikia wengi wakiuliza ni nini kilichomfanya atamani kuondoka mapema hivyo. Je, kocha wa maendeleo ana vijana wangapi chini yake, na daktari wa afya ya akili anapatikana siku ngapi kwa wiki? Kijana ambaye mwili wake bado haujajaa atapewa muda gani katika kikosi cha pili kabla mtu hajaanza kunong'ona kwamba tumekosea?

Novemba ikifika nitabishana kama kawaida, maana nina majina yangu ninayoyataka na sitayaficha. Jina litakapotajwa, nitataka kujua ametoka wapi, nani amekuja naye, na kikosi cha pili kinacheza lini, nikamwone.