Kimya si sifuri: kuuliza trafiki ya lodi balansa kwa SQL

Wahandisi wengi ninaofanya nao kazi hapa Nairobi wakisikia mtu anavuta vipimo vya lodi balansa (kifaa kinachogawa maombi ya watumiaji kati ya seva) kwa SQL, lugha ya kuuliza majedwali ya data, huona anajitafutia kazi. Grafu zipo, wanasema. Fungua CloudWatch, huduma ya vipimo ya AWS (wingu la Amazon), tazama mstari unapanda au unashuka, yaishe. Wana hoja, na nitaifikia. Ila naona SQL inahukumiwa kwa kazi isiyo yake, na ile iliyo yake haitazamwi.

Oktoba iliyopita mhasibu wetu alitaka kujua ni lodi balansa zipi tunazilipia bure. Za AWS hutozwa kwa saa hata zisipopitisha ombi moja. Kwa bei ya eneo la AWS la Virginia, Marekani, lodi balansa ya HTTP ni dola 0.0225 kwa saa, kama dola 16 kwa mwezi, kabla ya gharama ya trafiki yenyewe. Moja haimuumizi mtu. Nne zilizosahaulika miaka miwili zinapita dola 1,500.

Mwenzangu alitumia Steampipe, programu inayokuwezesha kuzisoma API za wingu (milango ambayo programu huombea data) kana kwamba ni majedwali ya Postgres, hifadhidata ya SQL. Lipo jedwali la idadi ya maombi ya kila siku, nalo linarudi nyuma mwaka mzima. Akauliza: nipe kila lodi balansa ambayo jumla ya maombi yake kwa siku 30 haifiki 100. Halikurudi jina hata moja. Tukapongezana, mhasibu akaambiwa hakuna kinachopotea.

Hatukuwa sahihi. Lodi balansa hutuma vipimo kila sekunde 60, lakini hutuma pale tu maombi yanapopita. Yasipopita haiandiki sifuri, haiandiki chochote. Kwa hiyo iliyokufa kabisa haina mstari katika lile jedwali, na WHERE, sehemu ya ulizo inayochuja mistari, haiwezi kukamata kisichokuwemo. Tulikuwa kama mwalimu anayewaambia wanafunzi, asiyekuwepo anyooshe mkono.

Dawa ilikuwa kuanzia upande wa pili. Unachukua kwanza jedwali la lodi balansa zenyewe, zote unazomiliki, ndipo unaliunganisha na la maombi kwa LEFT JOIN, inayobakiza kila lodi balansa hata isiyo na mstari upande wa maombi, na palipo wazi COALESCE inaweka 0. Zikajitokeza nne papo hapo.

Hapa ndipo wenzangu wa grafu hunikatiza: si ndiyo hiyo, lugha yenu imewadanganya! Kweli, ilitudanganya, na atakayeiga ulizo la kwanza bila kujua tabia ya vipimo atadanganyika vilevile. Lakini na grafu je? Dashibodi hutengenezwa na mtu anayejua anachotaka kukitazama, na kilichosahaulika hakimo kwenye dashibodi ya mtu yeyote. Hata ukikifungua kwa bahati utakuta mraba mtupu, na mraba mtupu huufunga ukaendelea na mengine. Grafu haina rejista ya waliopaswa kuwepo. SQL inayo, kwa sababu inaweza kuliweka jedwali la waliopo kando ya jedwali la walioitika, ikakuonyesha tofauti. Sijaona dashibodi iliyonifanyia hilo.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo singemshauri mtu aanze na SQL. Saa nane usiku makosa ya 502 (lodi balansa haikupata jibu sahihi kutoka kwa seva) yanapopanda, unahitaji alamu iliyokwisha kutegwa juu ya HTTPCode_ELB_5XX_Count, kipimo kinachohesabu makosa hayo, na grafu ya dakika kwa dakika. Kasi nayo ina mtego wake. Majedwali haya hukupa wastani, kikubwa na kidogo, na kutoka hapo hupati p99, yaani muda ambao asilimia 99 ya maombi hayauzidi, kwa hesabu yoyote. Hata Metrics Insights ya CloudWatch yenyewe, inayoulizwa kwa SQL, inakubali AVG, COUNT, MAX, MIN na SUM tu. Ukitaka kila ombi na muda wake utaenda kwenye logi (kumbukumbu za kila ombi) kwa Athena, huduma ya AWS ya kuuliza mafaili kwa SQL, na logi hizo zisipowashwa mapema hazipo. Hufika kila dakika tano, AWS wenyewe wanasema zisichukuliwe kuwa hesabu kamili ya maombi yote, na ukisahau kubana tarehe unalipia kusoma kila faili uliloweka tangu mwanzo, dola 5 kwa terabaiti katika maeneo mengi.

Hayo yote nayakubali. Lakini narudi kwa zile nne, kwa sababu nusura tuzifute siku ileile. Mwenzangu alikuwa ameshaandaa amri. Kabla hajabonyeza, akabadilisha namba moja katika ulizo, 30 ikawa 365. Tatu zilibaki na 0. Ya nne ikatoa maombi kuanzia Januari, yakiongezeka wiki hadi wiki, kisha tarehe 30 Juni yakakatika kama uzi.

Aliyewahi kuajiriwa Kenya ameshaelewa. Tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi ya mapato KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na nyuma ya lodi balansa hiyo ulikuwepo mfumo ambao wafanyakazi huchukulia fomu zao za P9, zinazoonyesha mshahara na kodi ya mwaka. Hakuna anayeugusa kuanzia Julai. Aliyeujenga alishaondoka kazini, na sisi tuliobaki hatukukumbuka kuwa upo.

Tatu tulizifuta. Ulizo tumelihifadhi pamoja na msimbo wetu, likiwa na LEFT JOIN yake na siku 365, na tumeliongezea safu inayosoma lebo ya mwenye mfumo. Lebo ikiwa tupu, hakuna anayefuta mpaka ameuliza idara zote, na ya P9 sasa ina jina.