Acheni Hiyo 777, Jamani

Mwanafunzi mmoja wa chuo kaambiwa na fundi kwamba diski ya laptop yake imekufa, apigiwe Windows. Diski nzima kabisa! Mashine ina Ubuntu 16.04 (mfumo wa Linux), akiandika pasiwedi inakubaliwa, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu anarudishwa palepale pa kuandika pasiwedi. Nikabonyeza Ctrl+Alt+F2, nikaingia kwenye skrini ya maandishi, nikapiga `ls -la`, amri ya kuorodhesha faili zote na wamiliki wake. Jibu likawa wazi: `.Xauthority`, faili ambayo mfumo lazima uiandikie ili skrini yako ifunguke, mmiliki root (msimamizi mkuu wa mashine). Binti alikuwa amefungua programu ya kubofya kwa kipanya kwa `sudo` (amri ya kuendesha kitu kama root), kwa sababu video fulani ilimwelekeza hivyo.

Kabla ya toleo la 19.10, `sudo` ya Ubuntu ilikuwa inaacha HOME, yaani anwani ya folda binafsi, iwe yako. Kwa hiyo programu inaendeshwa na root, lakini mipangilio yake inaiandika kwenye folda yako, na kila faili inayozaliwa humo ni mali ya root. Mwenye nyumba unabaki kubisha hodi kwako mwenyewe. Dawa yake ni mstari mmoja wa kurudisha umiliki: `sudo chown $USER: ~/.Xauthority`. Kisha `find ~ -user root` ikuonyeshe nyingine zilizojificha ndani ya `.config` na `.cache`, nazo uzirudishe. Basi.

Lakini hapana, mabingwa wetu wana dawa ya magonjwa yote: `chmod -R 777`, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, hadi ndani kabisa ya folda. Faili haifunguki? 777. Programu inagoma? 777. Nadhani hata printa ikikosa wino watapiga 777. Sasa sikilizeni. Amri hiyo haimgusi mmiliki hata kidogo. Faili ilikuwa ya root, itabaki ya root, ila sasa kila mtumiaji wa mashine anaweza kuichokonoa. Ipige kwenye folda yako yote, na SSH (programu ya kuingia kwenye kompyuta za mbali) itaukataa ufunguo wako wa siri kwa kuwa uko wazi mno. Na ole wako uteleze uipige kwenye `/`, yaani mfumo wote: alama ya setuid (inayoifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wake) inafutika kwenye `/usr/bin/sudo`, na `sudo` yenyewe inagoma kufanya kazi. Hapo ndipo hiyo Windows itapigwa kweli, na mteja atalipia kosa la mshauri wake.

Haya, nakubali, kuna kazi zinazodai root. GParted, ya kugawa diski, ni mojawapo, ila yenyewe inaomba pasiwedi ukiifungua kwenye menyu, huna haja ya kuihangaikia. Wanaoshauri `gksudo` (`sudo` ya programu za kubofya) hadi leo wajue iliondolewa Ubuntu tangu 18.04. Ukitaka kuhariri faili ya mfumo kama `/etc/hosts`, tumia `sudoedit /etc/hosts`: inakutolea nakala, unaihariri kama wewe, ukifunga inairudisha mahali pake. VLC, ya kuchezea video, ndiyo yenye adabu kuliko wote, ukiifungua kama root inakukatalia waziwazi na kukuomba radhi.

Na nyie wa Windows msicheke. Mnabofya kitufe cha kulia, mnachagua kuendesha kama msimamizi, halafu mnashangaa ile diski Z: ya mtandao wa ofisi imeenda wapi. Haijaenda popote. Imeunganishwa kwenye kikao chenu cha kawaida, na programu ya msimamizi iko kwenye kikao kingine.