Njia nane hazitoshi kama mtaani hakupitiki

Foleni ya Barabara ya Morogoro hapa Dar es Salaam ikizungumzwa, jibu huwa ni lile lile: ongezeni njia. Haya, tumeongeza. Kutoka Kimara hadi Kibaha, kilometa 19 na ushee, barabara imetanuliwa ikawa ya njia nane, na kuipisha, mwaka 2017 nyumba za watu zilivunjwa kuanzia Kimara mpaka Kiluvya. Ubungo tukapata Daraja la Kijazi, lililozinduliwa Februari 2021, siku moja na stendi mpya ya mabasi ya mikoani pale Mbezi Luis. Mwendokasi nao, yale mabasi yenye njia zake, ulikuwa umeshaanza tangu 2016.

Sitaki nionekane sina shukrani. Anayeyakumbuka makutano ya Ubungo enzi za taa, trafiki akiongoza magari kwa mikono huku upande wako umesahaulika nusu saa nzima, hawezi kulibeza lile daraja. Lakini nenda kituo cha mwendokasi cha Korogwe au Baruti, kabla hujafika Kimara, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uangalie mabasi yanayokwenda Kimara, siyo ya mjini. Yana watu! Hakuna anayeshuka Kimara pale. Wanageuza nalo, ili likianza safari ya kurudi mjini Kivukoni wawe wameshakaa. Wa Kimara wenyewe, waliojipanga tangu alfajiri, mlango ukifunguka wanakuta siti zina wenyewe. Hapo ndipo utaona watu wazima, na tai shingoni, wakipitia dirishani.

Mimi naona tatizo la barabara hii haliko barabarani. Liko huko ndani tunakolala.

Kimara na Mbezi ni vilima na mabonde. Nyumba ya rafiki yako unaiona kabisa, ipo ng'ambo ya bonde, hata moshi wa jiko lao unauona. Ukitaka kumtembelea kwa usafiri, unapanda boda mpaka barabara kuu, unapanda daladala kituo kimoja au viwili, unashuka, unapanda boda nyingine kurudi ndani. Mvua ikinyesha, boda anakuambia ongeza hela, na ukifika penye korongo anakushusha umalizie kwa miguu. Kwa hiyo mgonjwa anayekwenda zahanati, mtoto wa shule, mama mwenye ndoo ya maandazi, wote wanamwagwa kwenye barabara ile ile wanayopita malori ya Zambia na Kongo na mabasi ya Mbeya. Hapo hata ukiweka njia kumi na mbili, zitajaa.

Na kwamba njia za ndani zinasaidia, hilo si la kubuni. Mbezi Mwisho ukikunja kulia kama unatoka mjini unakwenda Goba, na ukifika Goba unachagua mwenyewe, Makongo au Madale. Ukikunja kushoto, Malambamawili inakutoa Kinyerezi. Watu wangapi leo hawaigusi kabisa Ubungo kwa sababu ya lami hizo mbili? Zile ndizo zilizopunguza mzigo kuliko tunavyozisifia.

Jangwani, pale barabara hii inapokatiza bonde la Msimbazi kuingia mjini, inatufundisha hivyo hivyo kila masika. Mto Msimbazi ukifurika barabara inafungwa, mwendokasi unakatishwa, na upande mzima wa magharibi wa jiji unahangaika, maana shughuli zetu zote tumezipitisha sehemu moja.

Ninachokiona ni kwamba barabara kuu ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara, na za mitaani chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na kila mtu anajua kati ya hao wawili nani anakatiwa utepe na viongozi wakubwa. Diwani anaomba greda, greda linakuja, linakwangua udongo, mvua ya kwanza inauzoa wote mpaka bondeni. Mwaka unaofuata anaomba tena.

Ningepewa mimi fedha za awamu ijayo, nisingegusa hata inchi moja ya Morogoro Road. Ningeanza na makalavati na vidaraja vya mabondeni kati ya Kimara na Mbezi, hata kabla ya lami yenyewe. Bajaji ikipata pa kuvukia, kwenye vumbi itapita tu.