MotoGP: Saa ya Jumamosi Inasema Nini Kuhusu Jumapili?

Mbio zikiwa Ulaya, kikao cha mwisho cha kupanga nafasi za kuanzia (Q2) katika MotoGP, ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki, huisha Jumamosi saa sita na nusu mchana kwa saa zetu. Ikifika saa saba, hapa Nakuru mbio za Jumapili zimeshakwisha. Kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki, stejini kwa watu wa boda, hata kwenye makundi ya WhatsApp ya mashabiki, jina la aliyeweka muda bora limeshaingia kwenye mkeka, na anayethubutu kuuliza swali anaonekana mbishi tu. Saa imeshasema, unataka nini tena?

Wabishi hao ni wachache, na nimeona hoja yao ikizimwa kwa kicheko kabla haijasikilizwa. Wanasema muda wa mzunguko mmoja hauwezi kukutajia mshindi wa mizunguko 25. Hawana haki kwa kila jambo, na wanaoamini saa nao wana la kusema. Ila mimi naona wabishi wamekaribia ukweli zaidi.

Kosa letu lina asili yake. Mashabiki wa kaunti hii tumelelewa na mbio za magari za Safari Rally. Tangu 2021, iliporudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia na kuweka makao Naivasha, tumezoea kusimama vumbini kwenye hatua za Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior tukihesabu sekunde. Katika rali hesabu hiyo ni halali kabisa. Gari huondoka peke yake, na muda wake ndio matokeo yenyewe. Unajumlishwa na wa hatua inayofuata hadi mwisho. Sekunde tano alizopata dereva kama Ogier au Rovanperä asubuhi zinabaki kuwa zake jioni. Katika MotoGP sekunde za Jumamosi hazivuki kwenda Jumapili. Kinachovuka ni mahali pa kusimama kwenye mstari wa kuanzia, basi. Sisi tunaitazama Q2 kwa macho ya Sleeping Warrior.

Msomaji wa makala kama haya anaijua Q2, sitaieleza zaidi. Aitazame tu pikipiki yenyewe katika zile dakika 15. Nyuma kuna tairi laini, jipya. Tangini kuna petroli ya kutosha mizunguko michache. Mwendeshaji anabana mzunguko mmoja, labda miwili, anarudi kubadilisha tairi, anabana tena. Kuna anayemvizia mwenzake mwenye kasi ili avutwe na upepo wake, na kuna ambaye mzunguko wake bora unafutwa kwa sababu mtu ameanguka mbele yake na bendera ya njano ikapepea. Jumapili pikipiki hiyohiyo inaruhusiwa kubeba hadi lita 22, yaani kilo 16 hivi za petroli wakati wa kuanza, na mara nyingi nyuma inafungwa tairi la ugumu wa kati. Kisha ni mizunguko 25 katika uwanja wa Jerez, 26 Assen, 30 Sachsenring. Anayefungua mafuta yote mapema analipa mwishoni, gurudumu la nyuma likizunguka bure kila anapotoka kwenye kona. Kulikamua tairi jipya kwa mzunguko mmoja na kulibembeleza lililochakaa kwa dakika 40 ni kazi mbili, na si kila mtu anaziweza zote.

Takwimu ambayo wabishi huipenda, nami nimeichokonoa kuliko inavyostahili, ni ya Fabio Quartararo, Mfaransa aliyekuwa akiendesha Yamaha. Mwaka 2019, akiwa ndio kwanza ameingia MotoGP, alianza wa kwanza mara sita na hakushinda hata moja. Mwaka 2025 alianza wa kwanza mara tano, akaambulia patupu tena. Mara 11 katika misimu miwili, ushindi sifuri. Watu huitupa namba hiyo mezani na kuondoka. Mimi ni wa upande wao, lakini namba hii haifai kutumiwa kama rungu kabla ya kufunguliwa ndani.

Tuifungue. Mwaka 2019: Jerez alikuwa wa pili gia ziliposumbua, akaacha mbio. Barcelona alimaliza wa pili. Assen wa tatu. Buriram aliongoza karibu mbio nzima, Marc Márquez akampita kwenye mzunguko wa mwisho. Sepang alikuwa wa saba, Valencia wa pili. Mwaka 2025: Jerez wa pili, nyuma ya Álex Márquez. Le Mans alianguka kwenye mvua. Silverstone aliongoza kwa sekunde kadhaa, halafu kifaa cha kushusha pikipiki inapotoka kwenye kona kikagoma, akasimama pembeni akilia. Assen wa 10. Phillip Island wa 11.

Kwa hiyo mara tatu hakumaliza, na hakuna hata moja kati ya hizo inayothibitisha kwamba saa ilidanganya. Anayeitaja Silverstone kama ushahidi wa wabishi hakuitazama. Siku ile Quartararo alikuwa anaenda kushinda. Mara tano alipanda jukwaani bila kuwa wa kwanza. Mara tatu alizama: wa saba, wa 10, wa 11. Ukiyapanga hivyo, namba inasema jambo jingine, na kwangu lina faida zaidi. Muda wa Jumamosi ulimtaja kama mtu wa kuangaliwa, ukashindwa kusema ataishia wapi. Buriram 2019 Márquez alianza wa tatu, akakaa nyuma yake mizunguko 25 akisoma tairi, akamaliza kazi kwenye mzunguko wa 26. Hakuna saa ya Jumamosi iliyoliona hilo. Na mwaka 2025, ukiacha siku mbili ambazo hakumaliza, muda uleule bora wa Jumamosi ulimpeleka popote kati ya nafasi ya pili na ya 11. Utabiri mpana kiasi hicho siuwekei hata shilingi hamsini.

Sababu mojawapo ilikuwa chini yake, pikipiki yenyewe. Suzuki ilipoondoka mwishoni mwa 2022, Yamaha ilibaki peke yake na injini ya silinda nne zilizopangwa kwenye mstari mmoja, wengine wote wakiwa na V4, silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V. Tairi laini jipya likishika lami vizuri, pikipiki ile iliingia kwenye kona kama kisu. Mshiko ukipungua, na Jumapili lazima upungue, kasi yake iliyeyuka wakati Ducati bado zinasukuma. Q2 ilikuwa inapima kile kipande kidogo cha wikendi ambamo Yamaha haikuwa na ugonjwa.

Kama Quartararo hakushawishi, yupo Jorge Martín huko Phillip Island, Oktoba 2023. Alianza wa kwanza. Mbio zilisogezwa hadi Jumamosi kwa kuogopa hali ya hewa ya siku iliyofuata, naye akaamua kufunga tairi laini nyuma wakati wapinzani wake wakubwa wakiweka la kati. Akatoroka. Wakati mmoja alikuwa mbele kwa zaidi ya sekunde tatu, na ungeizima televisheni hapo ungeapa kwamba saa ilikuwa sahihi. Mzunguko wa mwisho Johann Zarco akampita, akapita Bagnaia, akapita Di Giannantonio, akapita Binder. Martín akawa wa tano, Zarco akapata ushindi wake wa kwanza wa MotoGP. Alijaribu kukimbia mbio nzima kwa tairi la aina ya kufuzu, na kwa mizunguko 26 kati ya 27 jambo hilo lilimkubalia.

Wanaoamini saa watajibu: Sachsenring. Wana haki ya kujibu hivyo. Kuanzia 2010 hadi 2019 Marc Márquez alianza wa kwanza na kushinda pale kila mwaka, kuanzia madaraja ya chini ya pikipiki za 125 na Moto2, hadi MotoGP. Kumi kwa kumi. Mwaka 2025 alifanya hivyo tena. Lakini kati ya miaka hiyo, mwaka 2021, alirudi Sachsenring mkono wake ukiwa bado haujapona sawasawa, akaanza wa tano, akashinda vilevile. Nadhani hapo jina lilitabiri kuliko muda. Uwanja ule unapinda zaidi kushoto, na hakuna anayepinda kushoto kama yeye. Ungejua mshindi hata bila Q2.

Hoja yao nzito zaidi hawaitaji mara nyingi, na ni ya nafasi. Pikipiki za siku hizi zina mabawa na vifaa vya kuzishusha zinapotoka kwenye kona, na kumpita mtu kumekuwa kugumu. Ukikaa muda mrefu nyuma ya mwenzako, hewa unayopata ni ya moto, tairi lako la mbele linapata joto, upepo ndani yake unapanda, na ukikamata breki mbele inataka kukukimbia. Hivyo anayeanza wa tisa anaweza kuwa na kasi kuliko wote na asifike popote. Nalikubali hilo bila masharti.

Hata hivyo kuongoza nako kuna bei yake. Kanuni inataka upepo wa tairi la mbele usiwe chini ya bar 1.8 kwa asilimia 60 ya mizunguko ya Jumapili, la sivyo unaongezewa sekunde 16. Buriram, Machi 2025, Marc Márquez alianza wa kwanza na kuongoza, lakini kwenye hewa safi tairi lake lilikuwa baridi mno. Akampisha mdogo wake Álex makusudi, akakaa nyuma yake kutafuta joto, kisha akampita tena zikiwa zimebaki mizunguko michache, akashinda. Ushindi huo uko kwenye vitabu kama wa mtu aliyeanza mbele akamaliza mbele, na wapenda saa watauhesabu upande wao. Sehemu kubwa ya mbio zile aliiendesha akiwa wa pili kwa hiari yake.

Kwa hiyo kikao cha Jumamosi kinatoa vitu viwili. Cha kwanza ni nafasi, nayo ina thamani kubwa pengine kuliko wakati wowote. Cha pili ni muda, na hicho ndicho tunachokiabudu bure. Aliyepata nafasi ya kwanza kwa sehemu mbili tu za elfu moja ya sekunde na aliyeipata kwa nusu sekunde wanasimama mahali pamoja. Ile nusu sekunde haimsogezi mbele hata hatua moja, lakini ndiyo inayotufanya tuseme ‘huyu hashikiki’.

Mbio fupi za Jumamosi, zilizoanza 2023 na ambazo kwetu huonyeshwa saa kumi alasiri, ndizo ngome ya wapenda saa. Umbali ni nusu, tairi halina muda wa kufa, na aliyeanza mbele huwa anabaki huko. Nakubali, ingawa nako hakuna dhamana: Argentina 2023, Brad Binder wa Afrika Kusini alishinda mbio fupi akianzia nafasi ya 15. Huyu ndiye aliyeanza wa mwisho kabisa Jerez mwaka 2016 katika daraja la chini la Moto3, akawapita wote na kushinda. Sijui kwa nini hapa hatumtaji zaidi, Mwafrika mwenzetu anayevuruga mikeka hivi.

Anayetaka kujua Jumapili aamke mapema kidogo. Jumamosi hiyohiyo, saa tano na dakika kumi asubuhi, kuna mazoezi ya nusu saa ambayo wengi hawayaangalii kwa sababu hayapangi nafasi ya mtu. Ndiyo dakika zenye maana kuliko zote. Waendeshaji hufunga tairi wanazofikiria kuzitumia Jumapili na kuzizungusha zikiwa zimeshatumika. Usitazame aliye juu ya orodha. Mtafute aliyefanya mizunguko saba au minane mfululizo kwenye tairi la kati lililozeeka, kisha linganisha mzunguko wake wa pili na wa mwisho. Tovuti ya MotoGP hutoa bure karatasi zinazoonyesha kila mzunguko, aina ya tairi na umri wake. Ambaye muda wake haushuki sana, na ambaye baada ya saa moja hivi atapata nafasi katika safu mbili za mbele, huyo ndiye wangu, hata kama Q2 ilimweka wa tano. Silverstone 2025 ilitaka hata zaidi ya hapo: Marco Bezzecchi alishinda akianzia nafasi ya 11, na kukwama kwa Quartararo kulimsaidia.

Haya yote yanahusu pikipiki tulizozizoea. Kanuni za 2027 zinaleta injini za cc 850, tangi la lita 20 na tairi za Pirelli badala ya Michelin, na zinapiga marufuku vifaa vya kushusha pikipiki na kupunguza mabawa. Kupitana kukirudi kuwa rahisi, nafasi ya kuanzia itapoteza sehemu ya thamani yake, na wapenda saa watabaki na muda mtupu mkononi. Lakini tairi mpya zikiwa ngumu kuchakaa, kiasi kwamba mwendeshaji anaweza kubana kutoka mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, mzunguko mmoja wa Jumamosi utaanza kufanana na mbio zenyewe, na hapo mimi na wabishi wenzangu tutakuwa na kazi.