Inchtuthil isibatizwe kwa papara

Yapata mwaka 150 BK, huko Aleksandria, mwanajiografia Ptolemaio aliandika kwa Kigiriki orodha ndefu ya miji na makabila ya dunia aliyoijua. Kaskazini mwa Britania, katika nchi ya Wavakomagi, alitaja Pteroton Stratopedon, yaani kambi yenye mabawa. Wataalamu wengi wanaiweka Inchtuthil, ngome ya Warumi kando ya mto Tay, Uskoti. Wengine zamani waliipeleka Burghead, kwenye pwani ya Moray.

Mimi sikubali jina hilo libandikwe Inchtuthil kana kwamba shauri limekwisha. Ramani ya Ptolemaio imeipinda Uskoti kuelekea mashariki, hivyo anayefuata vipimo vyake hupotea njia. Na hayo mabawa yenyewe? Huenda Ptolemaio alilitafsiri jina la Kilatini, na kwa Kilatini pinna ni unyoya, lakini pia ni yale meno ya juu ya ukuta wa ngome. Huenda asili yake ilikuwa kambi ya ukuta wenye meno tu.

Sisi wa Pwani papara hii tunaijua. Kitabu hichohicho cha Ptolemaio kinaitaja Rhapta, mji wa kale wa biashara wa pwani yetu, na kila mtu ana mahali pake pa kuiweka: huyu Rufiji, yule Pangani.

Kinachoniuma ni kwamba mabishano ya jina yanafunika mambo ambayo ardhi imeshayasema. Ngome ya Inchtuthil ilianza kujengwa mnamo mwaka 83, eneo la hekta 21 hivi, ya kutosha legioni nzima, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi. Mnamo mwaka 87 Warumi walikuwa wameshaihama, hata nyumba ya kamanda haijajengwa, kwa sababu Kaisari Domitian alihitaji askari upande wa mto Danube. Wakavunja kila kitu wenyewe, hadi vyombo vya udongo. Chuma hawakutaka kiwe silaha mikononi mwa adui, basi wakachimba shimo ndani ya karakana, wakamwaga humo misumari, wakafukia. Mwaka 1960 wachimbuaji waliikuta: zaidi ya 875,000. Ya juu ilikuwa imeshikana kwa kutu ikawa gamba gumu, na gamba hilo likaikinga ya katikati, mingine ikatoka karibu kama mipya.

Ningeandika kibao cha pale, ningeanza na misumari. Pteroton Stratopedon ningeiweka chini, na neno “labda” mbele yake.