Mtoto wa miaka mitano hawezi kuwa mtoro

Kiswahili kina neno moja kali kwa mtoto asiyeonekana darasani: mtoro. Lina undugu na kutoroka, na katika karne ya 19 pwani ya Afrika Mashariki watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao. Tangu hapo neno limembeba mtu aliyekata shauri kukimbia. Ndiyo maana tunapomwita mwanafunzi mtoro, kesi tumeshaimaliza kabla ya kumsikiliza: kaamua mwenyewe, anajua anachofanya, kilichobaki ni adhabu au kumwita mzazi.

Sasa mchukue mtoto wa miaka mitano. Haendi shule mwenyewe, hupelekwa. Hafui sare yake, hajipimi homa, hajui gari linapita saa ngapi. Mtoto huyu hana namna ya kutoroka. Lakini nchini Marekani, ambako takwimu za mahudhurio huwekwa hadharani hadi za shule moja moja, darasa la watoto wa umri huo mara nyingi limo miongoni mwa yanayoongoza kwa wanafunzi wanaokosa shule kupita kiasi. Kiwango hushuka katika madarasa ya kati ya shule ya msingi, kisha hupanda tena sekondari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walipochambua mwaka wa masomo wa 2011-12 katika shule za umma za jiji hilo, walikuta karibu nusu ya watoto wa miaka mitatu walioandikishwa madarasa ya awali wamo katika kundi hilo. Miaka mitatu! Nilipoisoma takwimu hiyo mara ya kwanza niliacha kusoma nikakaa kimya kwa muda, maana nilikuwa nimeshika chaki miaka mingi nikiamini kwamba kukosa shule ni tabia.

Kipimo chenyewe ni chepesi, na nguvu yake iko hapo hapo. Mwanafunzi akikosa asilimia 10 au zaidi ya siku za masomo, anahesabiwa kuwa amekosa shule kupita kiasi. Haiulizwi kama alikuwa na ruhusa, kama aliugua, kama alisimamishwa na shule yenyewe, au kama alizurura vichochoroni hadi jioni. Kwa mwaka wenye siku 180 za masomo, hizo ni siku 18, yaani siku mbili tu kila mwezi. Hakuna mwalimu anayeshtushwa na mwanafunzi aliyekosa siku mbili. Jumatatu moja mafua, Ijumaa moja msiba, mwezi unakwisha. Ila somo la Jumatatu ndilo lililokuwa mlango wa somo la Jumanne, na mwaka unapofungwa mtoto ana pengo la karibu mwezi mzima ambalo hakuna aliyeliona likichimbwa.

Halikuonekana kwa sababu shule nyingi hutazama wastani. Mkuu wa shule atakwambia kwa fahari kwamba mahudhurio yake ni asilimia 95. Hebu tuipige hesabu hiyo. Darasa la wanafunzi 30 kwa siku 180 lina siku 5,400 za kuhudhuria. Asilimia 95 maana yake siku 270 zimepotea. Huenda kila mwanafunzi alikosa siku 9, na hapo hakuna hata mmoja wa kutia hofu. Huenda pia wanafunzi 20 hawakukosa hata siku moja, na wale 10 waliobaki wakakosa siku 27 kila mmoja. Theluthi ya darasa inazama, na taarifa inayopelekwa juu ni ile ile: asilimia 95. Wastani haujadanganya, umefunika tu. Kwa mtoto anayezama, sioni tofauti.

Hata Marekani yenyewe, pamoja na utajiri wake wote wa kompyuta, haikuwa na hesabu ya taifa ya watoto hawa hadi juzijuzi. Kila shule ilikuwa na rejesta yake, kila wilaya na faili lake, kila jimbo na tafsiri yake. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ndipo ilipotoa kwa mara ya kwanza takwimu za nchi nzima, za mwaka wa masomo wa 2013-14, na zaidi ya wanafunzi milioni 6 walikuwa wamekosa siku 15 au zaidi. Wakati huo huo sheria mpya ya elimu, iliyotiwa saini Desemba 2015, iliyataka majimbo yatangaze takwimu hizo. Lile ambalo walimu walikuwa wakilinong'onezana ofisini likawa jambo ambalo mzazi yeyote, mwandishi wa habari yeyote, anaweza kulifungua akalisoma.

Faida yake ilionekana baada ya COVID-19. Mwaka 2023 Thomas Dee, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, akishirikiana na shirika la habari la Associated Press, alikusanya takwimu za majimbo 40 pamoja na jiji la Washington na kuziweka mahali pamoja. Mwaka wa masomo wa 2018-19, kabla ya janga, wanafunzi waliokosa shule kupita kiasi walikuwa kama asilimia 15. Mwaka wa 2021-22 walikuwa asilimia 28. Kila jimbo peke yake lingeweza kujipa sababu yake: kwetu ugonjwa ulikuwa mkali, kwetu barakoa ziliwaudhi watu, kwetu wanafunzi wamehama. Dee alipozipima sababu hizo kwa kulinganisha majimbo, hakuna hata moja iliyoeleza ongezeko lile. Ukiwa na faili moja mezani, kisingizio kinakaa. Ukiwa na mafaili arobaini, kinaanguka chenyewe. Hii kwangu ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kutaka data hizi ziwe za umma na zenye kushirikishwa, si mali ya ofisi inayozikalia.

Na zikishafunguliwa, zinaweza kukutanishwa na data nyingine ambazo idara ya elimu haina. Chukua pumu. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na kudhibiti magonjwa ilikadiria kwamba mwaka 2013 watoto wenye pumu walipoteza siku za shule milioni 13.8 kwa sababu ya ugonjwa huo. Tandika ramani ya watoto wanaokimbizwa hospitali kwa pumu juu ya ramani ya mahudhurio, ongeza barabara za malori na nyumba zenye ukungu ukutani, na mazungumzo yanabadilika kabisa. Huanzi tena na swali la nani mvivu. Unauliza nani ana dawa ya kuvuta na nani hana, nyumba ipi inavuja, shule ipi haina muuguzi.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kwa udogo wake. Baadhi ya shule za Marekani ziliweka mashine za kufulia ndani ya shule, baada ya walimu kugundua kwamba kuna watoto wanaobaki nyumbani kwa sababu hawana nguo safi ya kuvaa. Sidhani kama kuna jedwali la taifa lenye safu ya nguo chafu. Jedwali lilionyesha tu shule ipi na darasa lipi, na mtu akatoka ofisini akaenda kuuliza. Kazi ya takwimu hizi inaishia hapo. Zinakupeleka mlangoni, kugonga utagonga mwenyewe. Tena anayechukua kiwango cha mtaa mzima akambandika nacho mtoto mmoja, "huyu katoka mtaa ule, bila shaka atakosa," anamrudishia hukumu ile ile ya mtoro kwa lugha ya kitaalamu.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi kwa upande wa kasi. Katika shule za England, Wizara ya Elimu hupokea taarifa za mahudhurio kila siku moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta za shule, na kutangaza muhtasari kila baada ya wiki mbili. Tangu Agosti 2024 shule zinalazimika kisheria kuzituma. Kasi hiyo ni jambo kubwa. Takwimu za mwaka zinapotoka, mtoto ameshapanda darasa na mwalimu wake amehamishwa, lakini za wiki mbili bado zina mtoto ndani yake. Pia wao huandika sababu ya kila kukosa kwa alama maalumu, ndiyo maana inajulikana kwamba sababu inayoongoza ni ugonjwa, na kwamba watoto wanaostahili chakula cha bure shuleni, yaani wa familia zenye kipato cha chini, hukosa zaidi ya wenzao.

Hapo hapo England ndipo penye funzo kwa anayependa kuchora mistari kwenye grafu. Hadi mwaka wa masomo wa 2014/15, mwanafunzi alihesabiwa kuwa amekosa kupita kiasi akifika asilimia 15. Kuanzia 2015/16 kiwango hicho kikashushwa hadi asilimia 10. Usiposoma maelezo ya chini ya jedwali, utadhani watoto waliikimbia shule kwa mkupuo. Hata Marekani, mwenye siku 16 alizokosa kati ya 180 amo kwenye hesabu ya siku 15 na hayumo kwenye hesabu ya asilimia 10. Mtoto ni yule yule, kiti kitupu ni kile kile. Kuna mahali pia ambapo mwanafunzi aliyehudhuria kipindi kimoja anaandikwa amehudhuria siku nzima. Data ya umma isiyokuja na maelezo ya jinsi ilivyohesabiwa ni nusu data.

Wapo wanaoogopa faragha, na wana haki. Katika shule ndogo ambako kuna mwanafunzi mmoja tu mwenye ulemavu, kuweka kiwango cha mahudhurio ya "wenye ulemavu" ni sawa na kumtaja kwa jina. Dawa yake ipo na hutumika: kundi likiwa dogo mno, kisanduku huachwa bila namba. Sioni kwa nini hofu hii itumike kufungia jedwali zima kabatini.

Ninachokiogopa mimi ni rungu. England ilipandisha faini ya mzazi wa mtoto anayekosa shule bila ruhusa kutoka pauni 60 hadi 80, mwezi ule ule wa Agosti 2024. Faini haitibu pumu. Na shule ikijua kwamba kila kisanduku cha rejesta kinaweza kuleta faini kwa mzazi au fedheha kwa mkuu wa shule, kalamu ya mwalimu huanza kutetereka, kisha ile bahari yote ya data huko juu inajaa maji ya uongo kutoka chemchemi ndogo ya darasani.

Chemchemi hiyo naijua. Nikiwa mwalimu wa darasa nilikuwa na kijana aliyekosa mara kwa mara, na kila alipokosa bila barua niliandika alama ya utoro kwa wino mwekundu. Rejesta huwa tunaisoma kwa mstari, jina baada ya jina. Muhula unakaribia kwisha, nikiwa najumlisha, nilijikuta naisoma kwa safu, kutoka juu kwenda chini, na alama zake nyekundu zikajipanga: Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi, kila baada ya wiki mbili. Nikamwita, kwa mara ya kwanza bila kumfokea. Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki ya bibi yake. Bibi hakuweza kupanda gari peke yake, na mama akiacha kazi siku hiyo halipwi.

Jibu hilo nililipata kwa dakika tano. Lakini taarifa za miezi iliyotangulia zilikuwa zimeshakwenda ofisi ya elimu, na huko zimejumlishwa na za shule nyingine chini ya safu ya watoro. Sikuwahi kuandika barua ya kuzisahihisha.